Kifua Kikisumbua: Hesabu Siku, Hesabu Pumzi

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nakohoa, ninywe dawa gani?" Mama anaulizia sirapu ya mtoto, dereva wa bodaboda anataka vidonge vya kifua, mzee anauliza kama bado ipo ile sindano aliyochomwa zamani ikamponya. Kila mmoja anataka jina la dawa. Mimi nawarudishia maswali mawili kwanza: umekohoa siku ngapi, na unapumua vipi?

Sikwepi swali. Kikohozi peke yake hakitoi habari nyingi. Mafua ya kawaida humkohoza mtu hadi chumba cha pili wasilale, kisha yakaisha bila dawa. TB huweza kuanza na kikohozi kidogo cha asubuhi kisichomtisha yeyote. Mtoto mchanga anaweza kuwa na nimonia na asikohoe kabisa. Ukiupima ugonjwa kwa kelele za kikohozi utakosea. Ukihesabu siku na ukatazama pumzi, utajua lini ukae nyumbani, lini uende zahanati, na lini utafute usafiri usiku huohuo.

Dalili zisizosubiri kupambazuke

Naanza na hizi kwa sababu ndizo zinazoua, na kwa sababu watu huzisubirisha hadi asubuhi. Mtu mzima apelekwe kituo chenye huduma ya dharura mara moja ikiwa:

- anakosa pumzi akiwa amekaa tu, au hawezi kumaliza sentensi bila kukatisha kuvuta hewa;
- midomo au ulimi umegeuka rangi ya bluu au kijivu (kwa ngozi nyeusi, mfungue kinywa uangalie ulimi na fizi);
- kifua kinauma kwa kukandamizwa au kubanwa, hasa maumivu yakipanda mkononi, shingoni au kwenye taya, na jasho linamtoka;
- anakohoa damu nyingi;
- amechanganyikiwa, au amelegea na anasinzia isivyo kawaida;
- pumzi imekatika ghafla na mguu mmoja umevimba na kuuma. Hii huweza kuwa damu iliyoganda mguuni na kupanda hadi kwenye mapafu. Mama aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji au aliyelala kitandani muda mrefu yuko hatarini zaidi.

Mgonjwa wa namna hii asiendeshe gari au pikipiki mwenyewe. Wala asilazwe chali kwa nguvu. Mwache akae wima au ainamie mbele, vyovyote anavyopata hewa.

Mtoto wa chini ya miaka 5: jinsi ya kuhesabu pumzi

Hiki ndicho kipimo ambacho ningetamani kila mzazi akijue. Hakina gharama, na ndicho wahudumu wa afya wanachotumia.

1. Subiri mtoto atulie. Akilia au akitoka kunyonya kwa pupa, hesabu haitakuwa sahihi.
2. Funua nguo uone tumbo na kifua vizuri.
3. Weka saa ya simu dakika moja kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana pumzi za mtoto mdogo hazina mwendo mmoja.
4. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja.
5. Ukipata hesabu ya juu, rudia.

Mtoto anapumua haraka kupita kiasi ikiwa:

- ana umri wa chini ya miezi 2, na amefikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika;
- ana miezi 2 hadi 11, na amefikisha 50 au zaidi;
- ana mwaka 1 hadi 5, na amefikisha 40 au zaidi.

Anayekohoa na kupumua haraka namna hiyo aonwe na mhudumu siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni nimonia. Aliye chini ya miezi 2 apelekwe hata kama hakohoi.

Kisha tazama pale mbavu zinapoishia. Pakibonyea kwenda ndani kila anapovuta pumzi, nayo ni dalili ya nimonia, hata kama hesabu ni ya chini. Na kama ameshindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, au anatoa mlio mkali akivuta pumzi huku ametulia, usihesabu chochote. Mbebe, nenda.

Najua jibu litakalokuja: "Lakini mwili wake si wa moto sana." Mtoto mwenye utapiamlo au mchanga sana anaweza kuwa na nimonia kali na mwili usipate joto, au ukawa wa baridi. Kiganja cha mama kwenye paji la uso hakitoshi kuondoa wasiwasi wa mapafu.

Yale tunayoyafanya kwa nia njema

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa watoto wengi huchelewa kufika hospitali kwa sababu ya mambo haya.

*Kukata kimeo.* Mtoto akikohoa muda mrefu, jirani atasema kimeo kimekuwa kirefu kinamkuna koo, kikatwe. Kimeo ni sehemu ya kawaida ya koo, kila mtu anacho. Kukikata kwa wembe au mkasi wa mtaani kumewatoa watoto damu hadi kufa, na wengine wamepata maambukizi ya damu. Wakati huohuo nimonia, pumu au TB iliyokuwa ikimkohoza inaendelea. Usikubali, hata kama anayeshauri ni bibi yake mzaa mama na unamheshimu. Mwambie kwa adabu kwamba unampeleka kwanza akapimwe.

*Chale za kichomi.* Maumivu ya kuchoma ubavuni kila unapovuta pumzi, yakiambatana na homa na kikohozi, mara nyingi yanatokana na nimonia iliyofika kwenye utando wa mapafu. Chale hazifiki huko. Wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kukuachia homa ya ini au VVU.

*Kujifukiza.* Mtu mzima mwenye mafua akijifukiza, pua hufunguka na hujisikia nafuu. Basi. Mvuke hauui vijidudu vya nimonia wala vya TB, na kwa mwenye pumu unaweza kuamsha shambulio. Mtoto asiingizwe kwenye blanketi na sufuria ya maji ya moto. Ajali za kuungua hutokea hivyo.

*Asali.* Kijiko cha asali hutuliza koo, nami naiunga mkono, lakini kwa aliyetimiza mwaka mmoja tu. Chini ya hapo inaweza kumletea mtoto sumu ya bakteria inayolegeza misuli hadi ile ya kupumulia.

*Sirapu na nusu dozi.* Sirapu nyingi za kikohozi hazifanyi kazi kubwa kwa watoto, na zenye kodeini hazifai kabisa kwa walio chini ya miaka 12, kwani huweza kuzima pumzi. Antibayotiki iliyobaki kabatini kutoka kwa kaka yake usiitumie. Makohozi kuwa ya njano au ya kijani hakumaanishi moja kwa moja kwamba antibayotiki inahitajika. Mafua ya virusi nayo hufanya hivyo.

"Mbona mara ya mwisho nilichomwa sindano nikapona?" Kikohozi kingi cha mafua hupungua chenyewe ndani ya wiki moja au mbili, na kingine huburuta hadi ya tatu. Kwa hiyo dawa yoyote uliyopata siku ya 7 itaonekana ndiyo iliyokuponya.

Kikohozi kikifika wiki 2

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda ukapime TB. Usibadilishe duka la dawa, usijaribu aina ya tatu ya vidonge. Nenda mapema zaidi ikiwa:

- unaishi na VVU: kwako kikohozi cha siku yoyote ni sababu ya kupima;
- unatokwa jasho usiku hadi shuka linalowa, unapungua uzito, au una homa za jioni;
- unaishi au umeishi nyumba moja na mgonjwa wa TB;
- makohozi yana michirizi ya damu, hata kidogo;
- umefanya kazi kwenye vumbi la mwamba.

Kwenye hili la mwisho, ninawasemesha hasa wachimbaji wadogo wa Mererani na wa migodi ya dhahabu. Vumbi la mwamba lenye silika huacha makovu kwenye mapafu yasiyofutika kwa dawa, na mapafu hayo hushikwa na TB kwa urahisi zaidi. Kitambaa usoni hakizuii vumbi jembamba. Kuchoronga kwa kutumia maji hupunguza vumbi sana. Mdai mwenye shimo aweke maji. Ukipimwa, taja kazi yako na miaka uliyoifanya, hata usipoulizwa.

Kupima na kutibiwa TB ni bure kwenye vituo vya serikali, Tanzania na Kenya. Nauli na siku ya kazi vinabaki kuwa juu yako, nalijua hilo. Ila ukilinganisha na miezi ya kununua dawa za kikohozi, kisha kulazwa, kwenda mapema ndiko kunakobakiza hela mfukoni.

*Kutoa makohozi yanayofaa kupimwa*

Watu wengi hupeleka mate, kipimo kikakosa kitu cha kupima. Fanya hivi:

1. Sukutua kinywa kwa maji matupu.
2. Simama nje au penye upepo, mbali na watu.
3. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua.
4. Temea kwenye kikopo ulichopewa, kifunike, nawa mikono.
5. Sampuli ya asubuhi unapoamka huwa nzuri zaidi.

Majibu yakisema hakuna TB na wewe bado unakohoa na kukonda, rudi. Darubini huwakosa baadhi ya wagonjwa. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafunza panya buku kunusa makohozi, na panya hao wamebaini TB kwenye sampuli ambazo zahanati zilizipitisha kuwa salama. Kipimo cha kisasa cha vinasaba kinachotumiwa siku hizi ni makini kuliko darubini, na huonyesha pia kama vijidudu ni sugu kwa dawa kuu. Uliza kama kituo chako kinacho, au kinatuma sampuli kwenye kituo kilicho nacho.

*Ukikutwa na TB*

Matibabu ya kawaida ni miezi 6, na kosa kubwa hutokea mapema. Baada ya wiki chache homa imekwisha, hamu ya kula imerudi, na mtu anajiona mzima. Hapo ndipo wengi huacha. Vijidudu vilivyobaki hurudi, na safari hii huweza kuwa sugu. Weka saa ya dawa, mchague mtu mmoja nyumbani akukumbushe, na ukisafiri kwenda msibani au shambani mwambie muuguzi akupe dawa za kutosha.

Mkojo utageuka rangi ya chungwa au nyekundu. Ni rangi ya dawa, usiogope. Macho yakiwa ya njano, ukitapika sana, au macho yakipungua nguvu ya kuona, rudi kituoni haraka. Hayo ndiyo madhara ya kuogopa.

Kwa familia: TB haipiti kwenye sahani, kikombe wala kushikana mikono. Inapita kwenye hewa. Usimtengee mgonjwa chombo cha kulia, mfungulie madirisha. Akianza dawa zinazomfaa, baada ya wiki kama mbili uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana. Wote mnaolala nyumba hiyo mpimwe, na watoto wa chini ya miaka 5 wasio wagonjwa waulizieni dawa ya kinga. Tena, kuwa na TB si kusema mtu ana VVU. Kipimo cha VVU hutolewa kwa kila mgonjwa kwa sababu magonjwa hayo mawili hupenda kuandamana, na matibabu hupangwa kwa kujua yote mawili.

Pumu, na hofu ya inhela

"Inhela inazoesha mwili." "Ukishaanza hutoki." Nimeyasikia haya kwa walimu, kwa mashehe, kwa wakunga. Yanaua, kwa sababu humfanya mgonjwa aifiche inhela mfukoni hadi kifua kizibe kabisa. Inhela hupeleka dawa kidogo palepale kwenye njia ya hewa. Kidonge cha dawa ileile hubeba kipimo kikubwa zaidi na kuzunguka mwili mzima, ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo hukimbia.

Zipo za aina mbili, na nyingi hutofautishwa kwa rangi. Ya bluu, salbutamol, hufungua kifua wakati wa kubanwa. Ya pili, mara nyingi ya kahawia, hutuliza uvimbe wa njia za hewa na hutumiwa kila siku hata ukiwa mzima. Kama unatumia ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa. Mwambie daktari unahitaji dawa ya kuzuia; kuongeza ya bluu peke yake hakuondoi tatizo.

Hatua za kuitumia:

1. Itikise, ondoa kifuniko, angalia kama hakuna uchafu mdomoni mwake.
2. Toa pumzi yote polepole.
3. Ibane kwa midomo, anza kuvuta pumzi taratibu, kisha bonyeza mara moja huku ukiendelea kuvuta.
4. Zuia pumzi hadi hesabu ya 10.
5. Subiri kidogo kabla ya mpulizo wa pili.
6. Ukitumia ya kahawia, sukutua kinywa na uteme, usipate utando mweupe ulimini.

Watoto, wazee na mtu aliyebanwa sana hawawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta. Wasaidie kwa chupa. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ioshe kwa sabuni, iache ikauke bila kuifuta ndani. Toboa kitako chake tundu la umbo la mdomo wa inhela, ingiza inhela, ziba kingo kwa plasta isivuje. Mara ya kwanza pulizia ndani mara kadhaa kabla ya kumpa mgonjwa. Kisha aweke midomo kwenye mdomo wa chupa: mpulizo mmoja, pumzi tano au sita za kawaida, halafu mpulizo mwingine.

Akibanwa vibaya, mkalishe wima, mpe ya bluu mpulizo mmoja baada ya mwingine hadi 10, mkiwa tayari mnatafuta usafiri. Kifua kilichokuwa kikipiga filimbi kikinyamaza ghafla na mgonjwa amechoka, usidhani amepona. Hewa haipiti tena.

Tahadhari ya mwisho hapa: inhela nyingi za salbutamol zina mipulizo 200, na baada ya hapo huendelea kutoa hewa isiyo na dawa. Kuitumbukiza majini uone kama inaelea si kipimo. Andika tarehe ulipoifungua, hesabu.

Moshi, mkaa na mafuta ya taa

Mama anayepikia kuni kwenye jiko lisilo na pa kutokea moshi anaweza kupata ugonjwa wa mapafu wa wavuta sigara, bila kuvuta hata moja. Pikia nje inapowezekana, tumia kuni kavu, na mtoto asibebwe mgongoni jikoni.

Kwa wasomaji wa Njombe, Mbeya, Makete, Limuru: usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama makaa yameshashika na hayatoi moshi. Hewa inayoua haina harufu wala rangi. Ukiamka na kichwa kinagonga, kichefuchefu, na wenzako hawaamki, toeni kila mtu nje kwanza, mambo mengine yafuate.

Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa kwa wingi ili atapike. Madhara makubwa hutokea mafuta yanapoingia kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakoyaingiza. Mpeleke hospitali hata kama anacheza.

Sababu mbili zinazosahaulika

Dawa ya presha. Kama umeanza vidonge ambavyo pakiti imeandikwa captopril, enalapril au lisinopril, kisha ukaanza kikohozi kikavu cha kukera kisicho na homa, huenda ni dawa hiyo. Usiiache mwenyewe, presha itapanda. Rudi ubadilishiwe.

Karanga. Mtoto aliyekuwa mzima, akaanza kukohoa ghafla wakati anakula au anachezea vitu vidogo, huenda amepaliwa na kitu kikaingia kwenye njia ya hewa. Hata akitulia baadaye, mpeleke. Karanga ikikaa kwenye pafu huleta nimonia isiyoisha. Kama hawezi kulia wala kukohoa, mwinamishe kichwa kikiwa chini, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, huku mwingine akiita msaada.

Ukifika kituoni

Wagonjwa wengi husema tu "kifua kinanisumbua", na mhudumu mwenye foleni ndefu huandika sirapu. Mpe haya:

- siku ulizokohoa, kwa namba;
- kama kikohozi ni kikavu au kina makohozi, na rangi ya makohozi, na kama yana damu;
- homa, jasho la usiku, uzito uliopungua;
- kazi yako, sigara, na unapikia nini;
- dawa zote ulizokwisha kunywa, pamoja na za miti; beba pakiti;
- hali yako ya VVU, kisukari, ujauzito;
- kwa mtoto, hesabu ya pumzi na saa uliyohesabu, na kadi ya kliniki ionekane kama chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14 amepata.

Wakikuwekea kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, futa rangi ya kucha kwanza. Namba ikiwa chini ya 90 unahitaji oksijeni haraka. Kwenye ngozi nyeusi kipimo hiki wakati mwingine huonyesha juu kuliko hali halisi, kwa hiyo ukiambiwa namba ni nzuri na wewe huwezi kutembea hadi mlangoni, sema hivyo kwa sauti.

Uliza kabla ya kuondoka: ni ugonjwa gani mnaoutibu, nitaona nafuu lini, na nini kinirudishe kabla ya hapo. Mtoto aliyepewa amoksilini kwa nimonia arudi kuangaliwa baada ya siku 2 au 3, hata kama dozi haijaisha. Akiacha kunyonya au kifua kikianza kubonyea, mrudishe usiku huohuo. Na ukiambiwa pale mapokezi kwamba huyu alishaonwa asubuhi, waeleze kilichobadilika tangu asubuhi, na uwahesabie pumzi zake.